Grafiki, parametriki, ya masafa ya kudumu au dainamiki: uchague ekwalaiza ipi?

Umerekodi mtu anasoma, au gitaa, au wimbo mzima, na kuna kitu hakijakaa sawa. Sauti inavimba na maneno hayaachani, au kila "s" inachoma masikio, au gitaa linasikika kama liko chumba cha pili. Unafungua programu ya kuhariri unakuta ekwalaiza nne au tano, kila moja na sura yake. Zote zinafanya kazi moja: kupandisha au kushusha sehemu fulani ya masafa ya sauti, yaani ya chini, ya kati au ya juu. Zinatofautiana katika namna zinavyokufikisha kwenye sehemu hiyo, na katika kile zinachoifanyia sauti iliyobaki njiani.

Swali ninalopenda lianze kabla ya kugusa kitufe chochote ni hili: tatizo lako limekaa mahali pamoja muda wote, au linakuja na kuondoka? Jibu lake peke yake hupunguza nusu ya machaguo.

Toni ni uwiano

Nyuzi ya tano ya gitaa ikipigwa wazi hutoa 110 Hz, yaani mitetemo 110 kwa sekunde. Lakini haitoi hiyo tu. Pamoja nayo zinatoka 220, 330, 440, 550 na kuendelea juu, kila moja kwa nguvu yake. Sikio linaunganisha fungu hilo lote kuwa noti moja, na uwiano wa nguvu ndani ya fungu ni sehemu kubwa ya kinachokuambia hili ni gitaa na ile ni piano. Ekwalaiza haibadilishi noti. Inabadilisha uwiano huo, na ndiyo maana desibeli tatu tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) zinaweza kuifanya sauti ile ile ionekane ya karibu au ya mbali, nzito au nyembamba.

Kwa sauti ya mtu anayeongea, ramani iko hivi. Chini ya 80 Hz karibu hakuna cha binadamu. Kuna nyayo, upepo na meza iliyogongwa. Msingi wa sauti ya mwanamume huwa kati ya 85 na 180 Hz, wa mwanamke kati ya 165 na 255 Hz. Kuanzia 200 hadi 400 ndipo uzito unapokaa, na ukizidi sauti inavimba. Kati ya 2,000 na 5,000 ndipo konsonanti zinapotambulika, na ndipo sikio letu lilipo kali kuliko kwingine kote, kwa hiyo desibeli mbili za hapa zinasikika kuliko nne za kule chini. Herufi "s" inajaa kuanzia 5,000 hadi 8,000 hivi. Juu ya 10,000 ni ule wepesi ambao hauuoni mpaka ukatwe.

Ekwalaiza yoyote inafanya kazi na kilichorekodiwa tu. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha takriban 300 hadi 3,400 Hz. Ukiinua 12,000 Hz kwenye mazungumzo yaliyorekodiwa kupitia simu kama hiyo, utakachoinua ni mchakacho. Hakuna kingine huko juu cha kuinuliwa.

Zinazolinganishwa

Grafiki ni ile yenye vitelezi vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja na masafa yake yasiyobadilika. Ya bendi 10, yaani vitelezi kumi, inaruka oktavu nzima kila hatua, masafa yakiongezeka mara mbili: 31.5, 63, 125, 250, 500 na kuendelea hadi 16,000 Hz. Ya bendi 31, ambayo mafundi wa sauti za ukumbini wanaijua kwa vidole, inaigawa kila oktavu mara tatu.

Parametriki inakupa vitu vitatu kwa kila bendi: masafa ya kati, kiasi cha desibeli, na upana, ambao huandikwa kwa herufi Q. Q ikiwa kubwa, eneo linaloguswa ni jembamba. Jina lake lilienea baada ya George Massenburg kuwasilisha mada kuhusu aina hii mbele ya Audio Engineering Society mwaka 1972.

Ya masafa ya kudumu ni zile za mashine za zamani, ambazo leo wengi tunazitumia kama programu zinazoiga. Mbili zinatajwa kila mahali: Pultec, iliyoanza kutengenezwa na Eugene Shenk na Ollie Summerland mwaka 1951, na Neve 1073 ya mwaka 1970. Hapa hupewi masafa yoyote utakayo. Unapewa vituo vichache vilivyochaguliwa na mtengenezaji, na upana usioufikia.

Dainamiki ni parametriki inayosubiri. Unaiwekea kizingiti, na bendi inashuka au kupanda pale tu sauti ya eneo hilo inapovuka kizingiti, kisha inarudi.

Nimeziweka kwenye vigezo vitano: kulenga, wepesi wa kuitumia, uwezo wa kushughulikia tatizo linalotembea, kinachotokea kwenye fezi (mpangilio wa mawimbi kwa wakati) na ucheleweshaji, na rangi ya sauti.

Kulenga

Chukua rekodi yenye mlio mkali unaokaa kwenye 2,800 Hz. Kwenye grafiki ya bendi 31 hakuna kitelezi cha 2,800. Kuna 2,500 na 3,150. Unashusha vyote viwili, mlio unapungua, lakini umechukua pia kila kitu kinachoishi kati ya 2,200 na 3,500 Hz, ambalo ni eneo la konsonanti. Sauti inakosa mlio na inakosa ufasaha kwa pamoja. Kwenye parametriki unaweka 2,800 yenyewe, Q ya 8, na upana unaoguswa ni kama 350 Hz tu, kwa kuwa upana ni masafa ya kati kugawanya kwa Q.

Mvumo wa umeme unaonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. Umeme wa 50 Hz huvuma kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Kitelezi cha 100 cha grafiki kinakula kuanzia 90 hadi 112 Hz, ambako sauti ya mwanamume ina msingi wake. Parametriki yenye Q ya 30 kwenye 100 Hz inakata kipande cha Hz tatu na kidogo.

Dainamiki inalenga sawa na parametriki. Ya masafa ya kudumu hailengi kwa ukaribu huo: 1073 inakupa katikati 360, 700, 1,600, 3,200, 4,800 na 7,200 Hz, basi. Vituo hivyo ni vipana na vimetulia, kwa hiyo ni vigumu kuharibu sauti navyo, na ni vigumu vilevile kung'oa kasoro moja.

Wepesi wa kuitumia

Grafiki inadharauliwa na watu wa studio, na nadhani wanaionea. Ukumbini, maiki ikianza kupiga mluzi, fundi aliyezoea anasikia mluzi ule anajua ni kitelezi kipi, mkono unakwenda, kelele inakufa. Hakuna menyu wala kuchagua bendi kwanza. Na umbo la vitelezi linakuonyesha kwa jicho moja umefanya nini tangu asubuhi. Anayesikiliza muziki kwenye simu naye anapata bendi tano au kumi anazozielewa bila kufundishwa.

Parametriki inadai ujue unachotafuta, na njia inayofundishwa sana ya kukitafuta ni kuinua bendi nyembamba kwa desibeli kumi na kuitembeza mpaka kitu kibaya kijitokeze. Njia hiyo ina mtego: ukiinua eneo lolote kwa desibeli kumi na upana mdogo, litasikika baya hata kama halikuwa na kosa. Sikiliza kwanza, taja kwa maneno unachokichukia, ndipo utafute. Usipokitaja, utakata mashimo manane kwenye rekodi nzima na kubaki na sauti isiyo na mwili.

Ya masafa ya kudumu ndiyo ya haraka kwa uamuzi wa ladha. Zungusha, sikia, endelea na kazi. Dainamiki ndiyo ya polepole: juu ya masafa, kiasi na upana kuna kizingiti, kasi ya kuingia na kasi ya kutoka. Ukikosea kasi, sauti ya msomaji inabadilika toni kutoka neno hadi neno, na msikilizaji anachoka bila kujua kwa nini.

Tatizo linalotembea

Hapa ndipo uchaguzi wa watu wengi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu anasoma, "Sasa sisi sote tusimame sawasawa." Kila "s" inapiga kwenye 7,000 Hz. Kwa parametriki ya kawaida unakata desibeli 6 hapo. "S" zinatulia. Lakini hata irabu "a" na "o" zina vijisauti vyake vya juu huko, na wakati wa kutamka irabu hapakuwa na kosa. Umeondoa wepesi kwenye sentensi nzima ili kurekebisha sehemu ndogo tu ya muda wake. Dainamiki inashuka desibeli 6 kwenye "s" na kurudi sifuri kwenye "a". Sauti inabaki na mwanga wake. Kumbuka tu kwamba "sh" haikai pale pale: inaanza chini zaidi, karibu na 3,000 Hz, kwa hiyo msomaji mwenye "sh" kali anahitaji bendi ya pili au bendi pana zaidi.

Mfano wa pili ni mtu asiyetulia mbele ya maiki. Maiki za kuelekea upande mmoja zina tabia ya kuongeza besi kadiri mdomo unavyosogea karibu. Akiinama karibu, eneo la 100 hadi 250 Hz linavimba; akirudi nyuma, linapotea. Ukikata kwa parametriki kiasi kinachofaa akiwa karibu, akiwa mbali sauti inakuwa nyembamba kabisa. Ukiacha, inavimba. Dainamiki kwenye 180 Hz, yenye upana wa kutosha, inamfuata.

Grafiki na za masafa ya kudumu haziwezi kazi hii. Parametriki inaweza ukiwa na subira ya kuandika mabadiliko yake sentensi kwa sentensi, na kwa rekodi fupi njia hiyo ni safi kuliko dainamiki, kwa kuwa unaamua kwa masikio kila mahali.

Lakini tatizo likiwa tuli, mfano chumba kinachovimba 240 Hz tangu mwanzo hadi mwisho wa rekodi, dainamiki inakupa vitufe vingi vya kukosea bila faida yoyote. Parametriki ya kawaida inamaliza kazi kwa bendi moja.

Fezi na ucheleweshaji

Ekwalaiza za kawaida, za mashine au za programu, zinapobadilisha nguvu ya masafa hubadilisha pia fezi yake: sehemu mbalimbali za sauti zinasogezwa kidogo kwa wakati. Kwenye sauti moja iliyorekodiwa kwa maiki moja, sikio halilalamiki, na sioni sababu ya kuhangaika.

Hesabu inabadilika gitaa likirekodiwa kwa maiki mbili. Ukiweka kichujio kikali cha kukata chini ya 120 Hz kwenye maiki moja na kuiacha nyingine, fezi zao zinaachana kuzunguka eneo hilo. Ukizichanganya, sehemu ya besi uliyotaka kuibakiza inafifia. Watu hujaribu kuirudisha kwa kuinua, na haiji, kwa sababu mawimbi mawili yanapigana. Dawa rahisi ni kuziunganisha maiki zote mbili kwenye kundi moja na kuweka ekwalaiza kwenye kundi.

Dawa nyingine ni parametriki ya fezi nyoofu, ambayo ni namna tofauti ya kukokotoa, inayochelewesha masafa yote kwa kiasi sawa. Bei yake ni mbili. Kwanza muda: kichujio chenye sampuli 8,192 (sampuli ni vipimo vidogo vya sauti vilivyorekodiwa) kwenye rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde huchelewesha sauti kwa nusu ya urefu wake, yaani kama milisekunde 85. Mwimbaji hawezi kujisikiliza kupitia kitu hicho. Pili, vipigo vikali vinaweza kutanguliwa na mlio mdogo kabla ya kipigo chenyewe, na kwenye ngoma ya besi iliyokatwa kwa ukali chini, mlio huo unasikika. Kwa wimbo mzima uliokwisha kuchanganywa na marekebisho mapana ya desibeli moja au mbili, inatulia vizuri. Kwa ngoma peke yake, ningeiacha.

Grafiki na parametriki za kawaida hazina ucheleweshaji wa maana. Zinazoiga mashine za zamani na zile za dainamiki hutegemea programu: baadhi huchelewesha kidogo, na inafaa kuangalia kabla ya kuzitumia wakati wa kurekodi.

Rangi

Parametriki safi ya kompyuta haiongezi kitu ambacho hakikuwepo. Inapandisha na kushusha kilichopo. Mashine za zamani zina transfoma, na Pultec ina valvu za kurudisha nguvu iliyopotea kwenye sakiti yake, na vifaa hivyo huongeza harmoniki mpya, yaani vijisauti vya juu kama vile 220 na 330 vya ile nyuzi ya gitaa. Hii ina faida ambayo haisemwi vya kutosha. Gitaa la besi lenye msingi wa 100 Hz likipata 200 na 300 zaidi, linasikika hata kwenye spika ndogo ya simu isiyoweza kutoa 100 yenyewe. Kwa kazi hiyo, kuinua 100 kwa parametriki ni kazi bure.

Pultec ina kingine cha kujaribu: vitufe vya kupandisha na kushusha besi ni viwili tofauti kwenye kituo kimoja, mfano 60 Hz. Ukivifungua vyote, havifutani. Kushusha kunafika juu kidogo kuliko kupandisha, kwa hiyo unapata besi iliyoinuka na bonde dogo juu yake, pale ambapo uvimbe hukaa. Unaweza kulichora umbo hilo kwa bendi mbili za parametriki, ukishajua kuwa ndilo unalolitaka.

Grafiki haina rangi inayosifiwa. Vitelezi jirani vinapandana, na ukiinua vitatu mfululizo, jumla inazidi ulichokiona kwenye vitelezi. Dainamiki nyingi ni safi kama parametriki.

Uzijaribu kwa haki

Sauti iliyoongezeka nguvu inasikika bora hata kama haijawa bora. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba usikivu wetu wa besi na wa sauti za juu unabadilika na kiwango cha sauti. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha na kuzima ekwalaiza ili kulinganisha, shusha kiwango cha kutokea mpaka nguvu zilingane. Sikiliza pia kwa kiwango kile kile muda wote. Ukifanya kazi kwa sauti ya chini sana, utaongeza besi kupita kiasi. Na ukiinua bendi kwa desibeli 6 kwenye wimbo ambao vilele vyake vimeshafika juu kabisa, punguza kiwango cha kuingia kwa kiasi hicho hicho, au vilele vitakatwa na utadhani ekwalaiza ni mbovu.

Kwa hali yako

Unaendesha sauti mbele ya watu na mluzi unaweza kutokea wakati wowote: grafiki ya bendi 31 kwenye spika kuu, na parametriki kwenye kila maiki kama mikisa yako inayo. Grafiki inalinda ukumbi. Parametriki inarekebisha mtu.

Unasikiliza muziki tu na hedifoni zako zina besi nyingi mno: grafiki ya bendi 10 inatosha. Shusha 63 na 125 kabla hujafikiria kupandisha kitu. Lile umbo la besi juu, trebo juu na katikati chini linavutia kwa dakika moja, kisha mwimbaji anazama.

Unahariri usomaji au mazungumzo: anza na kichujio cha kukata chini ya 80 Hz, kisha parametriki kwa uvimbe wa chumba. Dainamiki iingie kwa "s" au kwa mtu anayesogea, na si kabla ya hapo.

Unachanganya wimbo na sauti ya mwimbaji ni safi ila haina mvuto: jaribu ya masafa ya kudumu kwanza. Inua 12,000 kwa desibeli mbili, sikiliza ndani ya wimbo mzima, sio peke yake. Kama mlio fulani unabaki ukichoma, ung'oe kwa parametriki iliyowekwa kabla ya hiyo, ili usiinue ulichotaka kukiondoa.

Una faili moja ya wimbo uliokamilika na huwezi kurudi kwenye vipande: parametriki pana, ya kawaida au ya fezi nyoofu, isizidi desibeli mbili. Kama besi inavimba kwenye kiitikio tu, dainamiki.

Unajifunza na unataka moja ya kuijua vizuri: parametriki ndiyo itakayokufundisha masafa yako wapi, ingawa kwa wanaoanzia ukumbini grafiki hufundisha masikio haraka zaidi.

Na kama kinachokukera ni mwangwi wa chumba, hakuna kati ya hizi itakayouondoa. Mwangwi ni sauti ile ile, kwenye masafa yale yale, imefika ikiwa imechelewa. Ukikata masafa yake unaikata na sauti yenyewe. Rudia kurekodi, maiki ikiwa kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni, katika chumba chenye mapazia na magodoro, kisha ndipo ufungue ekwalaiza.